Jina Kwenye Kava la Mkanda

Wamemwita Mkaidi miaka kumi na tisa, naye hajawahi kulikataa hilo jina. Mwanamke mfupi, viganja vipana, ovaroli la bluu lililopauka magotini, na mdomo ambao wenzake gerejini husema ungefungua nati yoyote. Kazi anayoijua kuliko wote ni kubadilisha mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaofanya pistoni na valvu zipishane bila kugongana. Ukikatika gari likiwa mwendoni, hugongana, na injini ndiyo kwaheri.

Gereji ilifunguliwa na marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyemfundisha, na yeye ndiye aliyeweka desturi ya pale: ukimaliza kufunga mkanda, chukua rangi nyeupe, andika juu ya kava tarehe, kilomita na jina lako. "Ukiona haya kuandika jina," alikuwa akisema, "basi usifunge." Alipofariki, gereji ikashikwa na mdogo wake, na Mkaidi akawa chini ya shemeji yake. Hakulalamika. Mradi spana zilikuwa mkononi, yeye alikuwa na raha.

Jumanne moja likaletwa gari la mkunga, kigari cheupe kilichojaa tope hadi milangoni. Shemeji alikuwa amemwahidi mkunga kwamba saa nane mchana litakuwa tayari. Mkanda mpya ulikuwa mezani, ndani ya boksi lake. Mkaidi akafungua kava, akatoa mkanda wa zamani, kisha akaizungusha kwa kidole tenshena, ile puli inayoukaza mkanda. Ikakoroma. Akamulika pampu ya maji, ambayo nayo huzungushwa na mkanda huohuo. Chini yake palikuwa na mchirizi wa maji yaliyokauka.

"Shemeji, hebu njoo uone," akaita. "Pampu imeanza kuvuja na tenshena imechoka. Vibadilishwe vyote sasa, maadamu injini iko wazi."

"Spea hizo hatuna. Mpaka ziagizwe ni kesho. Mimi nimesema saa nane."

"Kwani saa nane ni sheria?"

"Mkanda ndio tulioambiwa. Funga."

"Mkanda mpya juu ya pampu mbovu! Pampu ikikwama, si itaukata huo mkanda mpya? Halafu tuseme nini?"

Walijua wote wawili watakachosema, maana walikwisha kukisema. Miaka sita nyuma, gari la mwalimu mmoja lilifungwa hivyohivyo, kwa haraka, kwa amri ya shemeji huyuhuyu. Likarudi baada ya mwezi likivutwa kwa kamba, pampu imekwama, valvu zimepinda zote. Shemeji akamwambia mwalimu kwamba mkanda ulikuwa feki. Mkaidi alikuwepo, akanyamaza. Lakini jina kwenye kava lilikuwa lake, jeupe, halijafutika hata herufi moja. Aibu ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," shemeji akasema kwa sauti, mafundi wengine wasikie.

"Mkuu nani? Mimi nimeolewa kwenu wewe bado unafungwa vifungo vya shati!"

Mafundi wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Shemeji akamsogelea. "Funga gari hilo, au beba sanduku lako utoke. Chagua."

Mkaidi aliogopa, tusidanganyane. Nani angemwajiri fundi mwanamke wa miaka hamsini na mbili? Na nje ya geti lile alikuwa na nini? Akaifungua tenshena, akaifuta mafuta, akaketi juu ya sanduku lake mbele ya gari. "Sifungi," akasema.

Saa nane mkunga akafika na begi lake begani. Shemeji akamkimbilia. "Gari tayari kabisa, mama, linafungwa tu."

"Si tayari," Mkaidi akasema, akamwekea tenshena kiganjani. "Dada, wewe unasikiliza matumbo ya watu. Zungusha, usikilize na hili."

Mkunga akaisogeza sikioni, akafumba macho, akaizungusha polepole. Akaizungusha tena. "Huyu ni mgonjwa," akasema.

"Na pampu yake vilevile. Vimezeeka pamoja, vibadilishwe pamoja. Nipe mpaka kesho."

"Nina mama wa mapacha kule mlimani, siku yoyote ataniita. Leo nitaazima pikipiki." Akamgeukia shemeji. "Badilisheni vyote. Na wewe baba, mbona uliniambia tayari?"

Mkunga alipoondoka, shemeji akamnyooshea Mkaidi kidole. "Maliza hilo gari. Ukilimaliza, nisikuone hapa tena."

"Haya," Mkaidi akasema.

Kesho yake spea zikaja. Akafunga pampu mpya, tenshena mpya, puli ndogo ya pembeni, na sili ya kuzuia mafuta yasivuje, iliyokuwa imekakamaa. Akavalisha mkanda, akaizungusha injini kwa mkono mara mbili, alama za taimingi zikakutana. Hakuharakisha hata boliti moja. Mwisho akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeupe.

"Andika jina la gereji," shemeji akasema nyuma yake. "Wewe si mtu wa hapa tena."

"Gereji haikushika spana." Akaandika tarehe, akaandika kilomita, kisha akaandika MKAIDI, herufi nene kutoka ukingo hadi ukingo.

"Likirudi linavutwa, jina litakalosomwa ni lako."

"Ndiyo maana nimeliandika kubwa."

Akabeba sanduku lake mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akachukua kopo la rangi na brashi, maana vilikuwa vya mume wake, akatoka nje ya geti.