Mkono wa Mwisho Jikoni

Mara ya kwanza kumwona Pyo Gi-taek alikuwa amelala kifudifudi mbele ya makabati ya jiko, shavu sakafuni, jicho moja amelifumba. Nilikuwa nimefuata ngazi yangu iliyoazimwa bila kurudishwa. Mwaka huo ndio kwanza nimefungua duka langu la sakafu na karatasi za ukutani hapa Wonju, na nilikuwa nikitafuta fundi mzuri kwa malipo ya fundi wa kawaida, mtu ambaye kila mwenye duka humtafuta na hampati.

Nilimwuliza anachungulia nini. Akasema anaangalia kama mwanga unapita. Ule ubao wa chini unaoficha miguu ya makabati alikuwa ameuranda hadi ukafuata kila kibonde cha sakafu mpya. Mwanga ulikuwa haupiti.

Nikamtajia malipo, akacheka. Nikaongeza kidogo, akaanza kukusanya zana zake. Hapo nikaelewa kuwa huyu hashikiki kwa pesa, nikabadili njia, nikamwuliza kinachomkera kwa bosi aliye naye. Likatoka lote. Kwa bosi yule, Pyo akishamaliza huja mtu wa nyuma kuziba nyufa na kupaka rangi, na mwenye nyumba akirudi humshukuru huyo wa nyuma.

"Bosi Tak," akaniambia, "nikitoka jikoni asiingie fundi mwingine. Mkono wa mwisho uwe wangu. Ukinipa hilo, bei yako naichukua."

Nikampa. Lilikuwa jambo lisilonigharimu kitu, na kwa miaka mingi nililipia sakafu chini ya bei ya soko.

Nilichokuwa nimekinunua ni wivu wa mtu, na wivu ukiutunza vizuri unafanya kazi kuliko punda. Pyo hakuwa mlevi, hakuchelewa, hakuiba hata msumari. Ila kazi ikiisha haondoki. Atazunguka na ufagio akifagia mahali palipokwisha kufagiwa, mpaka mama mwenye nyumba aingie na kusema neno. Akisifu sakafu, Pyo anainama na kwenda zake. Akisifu mapazia, siku hiyo tambi za mchuzi mweusi tulizoagiza zitapoa bakulini mwake. Mkewe, anayeuza maandazi ya maharage sokoni, aliniambia kwamba hata nyumbani huwezi kuusifu wali bila kumsifu kwanza aliyeubeba mchele kutoka dukani.

Kisha akaja Seol Mi-ran. Zamani alikuwa akipaka wanawake rangi za kucha, na saluni ilipofungwa akaona kwamba mkono usiotetemeka unaweza kuuzwa kwingine. Akanunua bunduki ya silikoni, ile ya kuminyia ute wa kuzibia nyufa. Palipo na ufa kati ya sakafu na kabati, au sakafu na fremu ya mlango, anapitisha mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Watu wakaupiga picha, picha zikazunguka kwenye simu, na wateja wakaanza kuniuliza kama "yule dada wa mstari" yuko kwangu.

Pyo akamwita mpaka-rangi wa kucha. Alimwambia hivyo usoni, dukani kwangu, mbele ya watu. Seol akaendelea kukoroga kahawa yake.

"Kucha za watu zinanilisha, Fundi," akasema. "Zako hata kwa bure sizishiki."

Watu walicheka, na Pyo akatoka kwenda kupanga mbao ambazo zilikuwa zimepangwa.

Kungoja wapatane sikungoja; masika ya mbali hayangojwi. Mimi nilikuwa nawatumia wote wawili, kila mmoja na nyumba yake. Ila mwaka ule jengo moja la zamani lilibadilishiwa mabomba ya chini ya sakafu, na kila familia ikawa inahitaji sakafu mpya. Katika shughuli kama hizo huwa tunatafuta nyumba moja ya kutazamwa. Mwenye nyumba anafanyiwa kazi kwa nusu bei, naye anafungua mlango majirani waje waone. Nikamwendea Mama Hae-rim, mwenyekiti wa akina mama wa jengo, mtu ambaye akikohoa ngazi nzima inaitika. Alinikamua, nikakubali kukamuliwa, kwa sababu duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa tayari limesimama getini likigawa vitambaa vya kujifutia vyenye jina lake. Nyumba ya Mama Hae-rim ikipendeza, jengo langu. Isipopendeza, lao.

Sharti lake la mwisho lilikuwa mstari wa Seol.

Nilipomwambia Pyo kwamba safari hii Seol ataingia nyuma yake, hakupandisha sauti. Aliangalia ndani ya kikombe mpaka kahawa ikafanya utando. Halafu akasema, "Sawa, Bosi. Ila simwachii pa kutia hata ncha ya bomba lake la silikoni."

Nilidhani ni maneno tu. Mbao tunazotandika hazigandishwi kwa gundi. Zinaumana meno kwa meno na kulala tu juu ya sponji, na chini yake yanapita mabomba ya maji moto ya kupasha nyumba. Zikipata joto zinatanuka. Kwa hiyo kila ukingo unaachiwa nafasi ya upana wa kidole cha mwisho. Chini ya makabati nafasi hiyo inafichwa na ubao, na pasipo na ubao inafunikwa na silikoni, ambayo inanyumbuka. Pyo alilijua hilo kuliko anavyojua siku walizozaliwa wanawe. Lakini nafasi hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya Seol, na roho ya Pyo haikukubali kumwachia. Akakata kila ubao wa sakafu ukagusa. Ukagusa ukuta, ukagusa fremu, ukagusa ubavu wa kabati refu la friji. Ule ubao wa miguu ya makabati akaupigia kabari kwa nyuma, ukaikandamiza sakafu kama mlango wa benki.

Seol alikuja na bunduki yake, akazunguka jiko kwa magoti, akarudi nilipo mikono mitupu.

"Bosi, kazi hapa hakuna. Lakini sakafu hii itapumulia wapi?"

Pyo alikuwa na ufagio wake. "Si una bomba wewe? Ipulizie."

Nikaitazama sakafu. Ilikuwa nzuri hasa. Baridi ilikuwa bado, mabomba hayajawashwa, na Mama Hae-rim alishaalika watu. Nikampa Seol nauli.

Siku ya wageni ndiyo siku baridi ilipoingia. Mama Hae-rim aliwasha joto tangu alfajiri ili watu wavue koti na kusema nyumba ina raha. Wakaja na karatasi za choo na sabuni za unga, kama mtu anavyoenda kwa aliyeingia nyumba mpya, wakaketi chini wakila keki za mchele na matunda ya kaki. Pyo alikuja bila kualikwa, koti limepigwa pasi, akasimama karibu na friji akisubiri sifa zake.

Meza ikawekwa, ikagoma kutulia. Kaki moja ikaviringika kutoka mbele ya sinki hadi miguuni mwa wageni. Hapo ndipo sote tulipoona: sakafu imeumuka kama unga wa maandazi, na haijamaliza. Ubao wa miguu ukalia, ukapasuka, ukachomoka.

Mama wa ghorofa ya tatu, ambaye ile nusu bei ilikuwa imemkaa kooni tangu aliposikia habari zake, akaweka chini kikombe.

"Mama Hae-rim, kumbe humu mnafuga fuko?"

Mwenzake akadakia, "Kwa nusu bei, fuko ni nyongeza."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nadhani walikuwa wakiisubiri nafasi hiyo kwa muda.

Pyo alipiga magoti mbele yao, akaanza kung'oa kabari kwa vidole, shingo nyekundu. Nikamvuta nje kwenye ngazi. Nikamwambia atarudia kazi yote kwa gharama yake, na simu ya kumwita Seol ataipiga yeye mwenyewe. Akasema afadhali alipe sakafu mara tatu.

"Utalipa mara moja," nikamwambia, "na simu utapiga."

Alikata ukingo wote, akapunguza ubao wa miguu ukakaa juu ya sakafu bila kuigandamiza. Simu aliipiga akiwa amenipa mgongo. Alisema, "Njoo. Nafasi ipo," akakata.

Seol alipitisha mstari wake na Mama Hae-rim akimrekodi kwa simu. Alipomaliza alimwambia Pyo kwamba ukingo ulikatwa sawasawa, la sivyo mstari ungepinda. Ilikuwa sifa ya kweli. Pyo aliipokea kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu, akabeba zana akateremka.

Sehemu kubwa ya jengo ilikwenda kwa duka la ng'ambo. Mimi nilibaki na familia chache za ngazi ya Mama Hae-rim, wale waliokuja kuona nyumba ikirekebishwa. Mama Hae-rim alibaki na nusu bei yake na karatasi za choo za msimu mzima. Seol sasa anafanyia kazi maduka yote mawili, na kila mmoja wetu anampandishia malipo ili mwingine asimpate.

Wiki iliyofuata Pyo alikuja dukani akataka malipo ya soko. Nikamkumbusha hasara niliyoipata. Akasema hasara ya sakafu alishailipa, na ile bei ya zamani ilikuwa ya mtu mwenye mkono wa mwisho. Mtu huyo hayupo tena. Hesabu yake haikuwa na kasoro, nikakubali. Sasa analipwa vizuri kuliko fundi yeyote niliye naye. Anaacha nafasi ya kidole kila ukingo, na gari la Seol likiingia getini, yeye anakuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.