Namba Sita za Shangazi

Miaka kumi na minne alisimama nyuma ya meza ile ile ya pasi, katika duka la dobi lililobanwa kati ya duka la miwani na ofisi ya bima. Wateja walimwita Dada wa Pasi, naye aliitikia bila kinyongo. Kwao alikozaliwa, mwendo wa ndege mbili na usingizi mbovu, aliitwa Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka sita, akalelewa na shangazi yake.

Alikuwa mtu wa mikono mizuri. Angekupigia pasi shati la harusi huku akipiga soga, na kola ingesimama kama imechongwa. Kazi aliipenda. Alipenda mvuke wa asubuhi duka likiwa bado baridi, na alipenda kuona mtu mzima akivaa koti lake palepale dukani na kujitazama kwenye kioo kama kijana.

Siku moja mwenye duka, mzee mpole ambaye goti lilikuwa limemwishia, alimwita chumba cha nyuma.

"Mwezi huu ukiisha nami nimeisha," akamwambia. "Yupo bwana mmoja anapataka hapa auze simu. Nimemwambia angoje kidogo, nataka nikuulize wewe kwanza. Utanunua?"

Akamtajia bei. Haikuwa bei ya kuumiza, lakini haikuwa bei ya mpiga pasi.

"Nipe mpaka kesho," Kitinda akasema.

Jioni alimweleza mumewe, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache. Mume alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Fedha si unazo?"

"Zile ni za nyumba."

"Nyumba ipi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nyumba yenyewe ilikuwa kiwanja kwao Kitinda, ukuta kwa ukuta na kwa Shangazi, chenye lundo la mawe ya msingi lililoota nyasi. Kila mwezi, tangu afike ugenini akiwa binti, alikata kipande cha mshahara akakipeleka katika benki ya kwao. Ramani ilichorwa ya vyumba vitatu, ikawa vinne watoto walipozaliwa, ikarudi viwili walipokua na kuanza maisha yao hukohuko ugenini. Usiku ule, akiosha vyombo, Kitinda alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipowaza dirisha la jikoni litazame wapi. Hakukumbuka. Akapiga moyo konde, na asubuhi akampa mzee mkono.

Kuamua kulikuwa rahisi. Kuzitoa hizo fedha ndiko kulikokuwa na kazi.

Programu ya benki kwenye simu yake ilikuwa na ukomo wa kutuma kwa siku. Alipogawa, aliona zingetoka zote baada ya siku tisa. Akapiga simu huduma kwa wateja, akapokewa na binti mwenye sauti laini kama sabuni.

"Ukitaka kiasi chote kwa mara moja, fika tawini na kitambulisho," binti akasema.

"Mimi naishi nje ya nchi."

"Sawa, basi fika utakaporudi. Kuna lingine nikusaidie?"

Hakukuwa na lingine. Kitinda akaona bora siku tisa kuliko nauli ya ndege na duka kuchukuliwa akiwa angani. Tatizo likabaki moja. Kila ukituma, benki huleta ujumbe wenye namba sita za kuthibitisha, na ujumbe huo huenda kwenye laini iliyosajiliwa na akaunti. Laini ya Kitinda ilikuwa ndani ya simu ndogo ya vitufe, kwa Shangazi. Alimwachia alipokwenda kumtembelea miaka sita nyuma, isije ikafungwa kwa kutotumika. Shangazi aliichaji kila Jumapili na kuitia salio kidogo, kama mtu anayelisha paka wa jirani.

Sasa, Shangazi hakuwa mtu wa hivihivi. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka thelathini alisimamia mitihani ya taifa. Bahasha zilizofungwa kwa lakiri zililala chini ya kitanda chake, na hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuona hata kona ya karatasi. Alikuwa ameshastaafu, lakini tabia haikustaafu.

Siku ya kwanza Kitinda alibonyeza kutuma, kisha akampigia haraka kwenye simu yake nyingine.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mbona leo si Jumapili?"

"Kuna ujumbe umeingia kwenye ile simu ndogo?"

"Umeingia."

"Nisomee hizo namba."

"Haiwezekani."

Kitinda alidhani hajasikia vizuri. "Shangazi, nina haraka, namba zinaisha muda."

"Nimevaa miwani na nimesoma. Wameandika: usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki."

"Lakini akaunti ni yangu."

"Hivyo ndivyo atakavyosema mwizi."

"Mwizi atajuaje kukuita Shangazi?"

"Siku hizi wanajua kila kitu. Sauti wanaiga. Nitakuuliza swali ambalo jibu lake halipo kwenye mtandao." Shangazi akakohoa, kama alivyokohoa zamani kabla ya kusema fungueni karatasi zenu. "Lile birika langu la kaure lililopotea. Lilikwenda wapi?"

Kitinda alikuwa na miaka arobaini na tisa, ana wajukuu wawili, na bado alijikuta anashusha sauti.

"Nililivunja. Nikalifukia nyuma ya banda la kuku."

Upande wa pili kiti kililia, mtu akiketi.

"Kumbe ni wewe," Shangazi akasema taratibu. "Mimi nilimchapa kaka yako."

"Najua, Shangazi. Alinidai peremende mwaka mzima."

"Andika. Saba, sifuri, mbili..."

Siku ya pili swali lilikuwa jingine. Shangazi alitaka kujua Kitinda aliomba nini katika barua yake ya kwanza kutoka shule ya bweni.

"Viatu."

"Viatu vilikuwa mwisho wa barua. Mwanzo uliandika nini?"

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, simu sikioni, mabasi yakipita. "Niliomba uje unichukue."

"Nami nikakuletea viatu."

"Vilinitosha vizuri."

"Nilifika mpaka getini nikiwa na nia ya kukuchukua," Shangazi akasema. "Nikamkuta mkuu wa shule, akanionyesha alama zako, nikageuza. Sikukwambia kwa kuwa ungelia. Haya, andika namba."

Ilikuwa ajabu kidogo. Kwa miaka mingi simu zao za Jumapili zilikuwa za hali ya hewa, dawa za presha na nani kazikwa. Sasa, kwa sababu ya benki, walikuwa wanazungumza. Kitinda alijikuta anafika kazini mapema, anawasha mtambo wa mvuke, kisha anangoja saa ya kutuma kama mtu anayengoja kahawa.

Siku ya tatu Shangazi hakukohoa.

"Hela zote hizi ni za nini?"

"Ni za kununua duka, Shangazi. Hili ninalofanyia kazi."

"Zile za nyumba?"

"Zile za nyumba."

Kupitia simu aliisikia redio ya Shangazi, na mtu akifagia uwanja.

"Basi swali la leo ni hili," Shangazi akasema. "Unarudi, au hurudi?"

Angeweza kupiga chenga. Miaka yote alipiga chenga: Mungu akijalia, mwaka kesho, watoto wakimaliza shule. Lakini mwanamke yule alikuwa amekamata watu wenye karatasi zilizofichwa ndani ya soksi, na Kitinda hakuona sababu ya kujificha tena.

"Kutembea nitakuja. Kuishi, sirudi. Maisha yangu yako huku sasa."

Shangazi hakujibu. Fagio liliendelea kukwaruza. Kitinda alitazama saa ya ukutani, dakika ya tatu, ya nne, ya tano, asithubutu kutaja namba.

"Nne," hatimaye Shangazi akaanza. "Nne tena. Moja..."

Zikakataliwa. Muda ulikuwa umepita.

"Zimekufa, Shangazi. Ngoja niombe nyingine."

"Omba. Zamu hii sitakuuliza kitu."

Akasoma za pili bila kusita, zikapita, akaaga kwa sauti ya kawaida. Kitinda alirudi kwenye pasi, lakini siku ile aliunguza leso ya mteja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu awe mgeni mjini.

Siku ya nne akaunti ilifungwa.

Benki iliona fedha zinatoka nje kila siku, kiasi kilekile cha juu kabisa, ikashtuka, ikapiga namba iliyosajiliwa. Simu ndogo ikaita, Shangazi akapokea.

"Wakaniuliza kama mimi ndiye mwenye akaunti," akamweleza Kitinda baadaye. "Nikawaambia hapana, mimi ni mtunza simu."

Kitinda akashika kichwa. "Ungesema tu ndiye wewe, Shangazi."

"Nidanganye benki? Kwa umri huu?"

Siku hiyohiyo yule bwana wa simu alikuja dukani na futi ya kupimia, akapima ukuta wa kaunta, akaandika kwenye karatasi, akamtabasamia Kitinda kwa upole wa mtu aliyeshinda. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku nane. Kitinda akapiga pasi suruali kumi na moja mfululizo.

Jioni Shangazi akapiga mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya, kwa sababu alipenda kupigiwa.

"Kesho saa nne asubuhi uwe na simu mkononi na pasipoti mezani. Nakwenda huko benki."

"Mguu wako, Shangazi."

"Mguu nao utakuja."

Kesho yake, Kitinda akiwa chumba cha nyuma kati ya makoti yaliyofunikwa plastiki, simu iliita kwa picha. Kwanza aliona dari. Kisha feni. Kisha jicho moja la Shangazi, kubwa kama sahani. Kisha mkono wa mtu ukaishika simu vizuri, na akatokea meneja wa tawi, kijana aliyevaa tai, na pembeni yake Shangazi amekaa wima, mkoba magotini, simu ndogo ya vitufe juu ya mkoba.

Meneja aliomba aione pasipoti, kurasa mbili za mwanzo. Akauliza tarehe ya kufungua akaunti, na kiasi cha mara ya kwanza kuweka. Akamwomba asaini kwenye karatasi mbele ya kamera. Saini ilitoka na mkia wake uleule.

"Ni yeye," meneja akasema.

"Nilikwambia tangu nilipoketi," akasema Shangazi.

Meneja akaeleza kuwa kumbe ipo njia. Mteja aliye nje anaandika barua ya maelekezo, anaigongesha muhuri kwa mwanasheria wa huko aliko, anaituma kwa barua pepe pamoja na nakala ya pasipoti, na tawi linatuma kiasi chote kwa mkupuo. Siku tatu za kazi, nne zikizidi.

"Na yule binti wa simu kwa nini hakumwambia hivyo?" Shangazi akauliza.

"Alipaswa kumwambia, mama."

"Basi ziandike hizo hatua. Kwa mwandiko unaosomeka."

Kijana akaandika. Shangazi akavaa miwani, akasoma zote kwa sauti, akamrudishia karatasi arekebishe tarehe. Baada ya hapo meneja akavuta fomu.

"Madhumuni ya fedha?"

Kitinda alifungua mdomo, lakini Shangazi alikuwa ameshatangulia.

"Ananunua duka," akamwambia. "Andika: duka la dobi. La kwake mwenyewe. Amelifanyia kazi miaka kumi na minne, anajua kila msumari."

Kitinda aligeuza uso kwenye makoti, akajifanya anatafuta kalamu.

Kitinda alimpata mwanasheria ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Mwanasheria aligonga muhuri kwa nguvu hata chai ikamwagika. Barua ikaenda Ijumaa. Jumatano, Kitinda akiwa katikati ya shati, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Ujumbe ulisema fedha zimeingia; aliusoma mara mbili. Kisha akaiweka simu mezani akamalizia mkono wa kushoto, akapiga na wa kulia, akalitundika shati, ndipo akaenda kumwambia mzee.

Alipompigia Shangazi kumshukuru, alimkuta kwenye kiwanja.

"Nimeanza kulima hapa kwako," Shangazi akasema. "Yale mawe nimewaambia vijana wayasogeze. Sikukuuliza."

"Lima, Shangazi. Nikija nitalala kwako."

"Utalala wapi kwingine? Kitanda chako kipo, nilikitandika jana."

Siku ya mwisho wa mwezi mzee alimkabidhi funguo, akamwonya tu kuhusu bomba la mvuke la kona, kwamba asubuhi za baridi lina kiburi na linataka kugongwa kidogo. Yule bwana wa simu alipata chumba mtaa wa pili, na ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kuleta suti wiki ile.

Jumatatu akaja mama mmoja na koti la kijivu, hasira iko usoni.

"Kifungo kimoja hakipo. Nataka kuongea na mwenye duka."

"Subiri kidogo," Kitinda akasema kwa upole, kama alivyosema miaka yote. Akaenda chumba cha nyuma, akafungua mlango, akakuta kiti kitupu na kalenda ukutani. Alisimama pale akicheka peke yake, mkono mdomoni, kisha akarudi kaunta.

"Samahani, mama. Mwenye duka ni mimi. Nimezoea vibaya."

Mama yule alimtazama, naye akashindwa kuzuia kicheko. Kitinda akavuta kopo la vifungo, wakatafuta pamoja mpaka wakapata kinachofanana. Akamsogezea kiti, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona.