Nywele za Mechi

Kila mwaka, tangu kiangazi, mchezaji yule wa chuo alifuga nywele, maana katika mpira wa Kimarekani wa enzi hizo, wa kukumbana na kuangushana, hawakuwa na kofia nyingine ya kukinga kichwa. Mechi ya mwisho ikiisha, huja kwa kinyozi Tuttle, hukaa kitini, vidole vyake vilivyopinda vikiwa magotini, akanyolewa. Safari hii mwenzake alimleta kwa kumshika mkono. Chini ya nywele Tuttle alipapasa uvimbe laini. Alipoinua mkasi, kijana akamzuia kwa upole.

“Usinyoe, mzee. Mechi si kesho?”

“Usimjali,” mwenzake akasema, macho chini. “Tangu tushinde jana, wimbo wake ndio huo.”

“Tutawaweza, mzee?” kijana akauliza.

Tuttle, ambaye sauti ilikuwa bado imemkauka kwa kushangilia, akaweka mkasi chini.