Salongo Iliyochafua Maji ya Mpofi

Niliondoka Kirotshe kwa sababu ya kiburi, ingawa kwenye karatasi ya safari niliandika "ufuatiliaji". Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimejenga Mpofi mtambo wa kusafisha maji ya kijito, ambayo waosha madini huyachafua huko juu: mfereji wa matete, kisha mapipa ya mchanga na makaa. Vijidudu wanaoishi kwenye mizizi na juu ya mchanga ndio hula uchafu. Watoto waliacha kuharisha. Sasa wakubwa wawili kutoka Kinshasa, wasiojua Kiswahili, walitaka kuuona kabla ya kuruhusu vijiji vingine vijengewe. Nikawatumia wenyeji ujumbe: wageni wanakuja, fanyeni usafi.

Asubuhi tulisimama Mushaki kununua jibini. Wakubwa walijadili shida ya maji huku wamekumbatia katoni za maji ya chupa. Niliwacheka kimoyomoyo, nisijue zamu yangu iko mbele.

Kupita Masisi barabara ilikuwa uji mtupu. Gari lilikwama mara mbili. Mimi na dereva tulisukuma kwa mabega, wakubwa kwa ushauri.

Alasiri tukaingia Mpofi. Mama Furaha, mkulima wa mihogo anayeutunza mtambo, alitupokea kwa nyimbo. Mfereji ulikuwa mweupe, hauna hata tete moja. Mapipa yalinukia sabuni na javeli, ile dawa ya kuondoa madoa. Nilipofungua robine, yakatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, matete iko wapi?"

"Tulifanya salongo, Papa, kijiji nzima. Tuling'oa ile pori yote. Ile utelezi ya kijani mu mapipa, tukasugua na javeli mpaka ikaisha."

"Ile utelezi njo ilikuwa inafanya kazi!" nilifoka.

"Weye njo ulituma message tufanye usafi. Mu formation yako ulisema mikrobe, mikrobe. Haukusema iko inakaa wapi."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku tatu za mafunzo nilikuwa nimewamwagia Kifaransa, na hakuna niliyemwonyesha ule ute kwa kidole. Mkubwa mmoja aliandika kwenye daftari: haufanyi kazi.

Jioni Mama Furaha alinipeleka nyuma ya jiko lake. Palikuwa na pipa dogo alilojitengenezea, limeota kijani mpaka aibu, na maji yake maangavu.

"Hii sikuisafisha," alisema. "Wageni hawafikaka huku."

Nilikunywa vikombe viwili. Nikawapelekea wakubwa kimoja. Wakakinusa kwa zamu, wakafungua chupa zao.

Kesho yake, kabla hatujaondoka, Mama Furaha alichota ute wa pipa lake akautia kwenye mapipa makubwa, kama mtu anayetia chachu kwenye pombe ya ndizi. Majirani walikuwa wanarudisha matete mferejini. Mpaka vijidudu wazaane tena, kila nyumba ingechemsha maji, na kuni zenyewe ziko mbali. Hilo liliniuma kuliko daftari la mkubwa.

Nimerudi Kirotshe. Vijiji vile vingine bado vinangoja, maana ripoti imeandikwa, na ripoti haina vijidudu wa kuila.

Juma lililopita nilipanda pikipiki hadi Mpofi bila kumwambia mtu. Matete yalikuwa yamenifika kiunoni, mapipa yanateleza. Mama Furaha alichungulia barabarani nyuma yangu.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Haya, kunywa."