Reli ya Ghorofa ya Tatu

Fundi alikuwa amechoka, tena amechoka hasa. Majengo ya serikali aliyoyatunza yalikuwa na wapangaji wa ajabu: akifunga taa leo, kesho imepasuliwa; akipaka ukuta rangi, jioni umeshachorwa. Watoto wa siku hizi hawana adabu, alilalamika kila siku mezani, na waliowazaa ndio wabaya zaidi. Mkewe alimenya viazi kimya, naye Fundi akadhani anaungwa mkono.

Ofisi nayo ilikuwa na utaratibu wake. Kilicholegea kilisubiri, kilichovunjika ndicho kilichobadilishwa. Bomba livuje mwaka mzima, utajibiwa kwamba maji si yanatoka? Likivunjwa, kesho yake limefungwa jipya. Wapangaji si wajinga, somo hilo walilielewa zamani. Fundi peke yake hakutaka kulielewa, maana mkate wake ulitoka ofisi hiyohiyo.

Mwishowe meneja akamwonya: kikivunjwa kitu kingine na mkosaji asikamatwe, kazi hana, na nyumba aliyopewa arudishe.

Na wakati huo reli ya ngazi, pale kwao ghorofa ya tatu, ilikuwa inacheza kama jino bovu. Mama mkwe wake, aliyeishi nao na ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliishikilia kila aliposhuka kwenda kliniki. Siku moja ikamyumbisha, akaserereka mpaka mlangoni kwa jirani, goti likachubuka vibaya. Fundi alikimbilia ofisini. Akaambiwa imelegea tu, haijavunjika. Aliomba, akasihi, akapandisha sauti. Ikawa kumpigia mbuzi gitaa.

Kesho yake mchana, akiwa chini anazibua mtaro, alisikia chuma kikigongwa. Alipanda ngazi mbio na matusi yote aliyowawekea wahuni yakiwa tayari mdomoni. Mhuni alikuwa mkewe, amekunja mikono ya gauni, anaitandika reli kwa nyundo.

"Wewe mwanamke, unataka tulale nje?"

"Nataka mama yangu asifie kwenye ngazi," alisema mkewe bila kugeuka. "Wewe si umeomba kistaarabu? Umepewa nini?"

Swali hilo lilimuudhi Fundi kuliko nyundo yenyewe. Akamnyang'anya.

"Hata kuvunja hujui. Sogea," alisema, akaimalizia mwenyewe.

Reli mpya haikuchelewa. Meneja alipodai mkosaji, Fundi alijitaja, kisha akaongeza kwa hasira kwamba anayetaka kumjua mkosaji mkubwa ajitazame kwenye kioo. Kazi ikaishia hapo, na nyumba pia.

Mama mkwe hakuambiwa ukweli. Walimwambia wanahama ili kumwepusha na zile ngazi. Siku ya kuondoka alishuka taratibu, Fundi nyuma yake na godoro kichwani. Njiani mama mkwe alisimama, akaitikisa reli mpya kwa mikono miwili. Haikutikisika.

"Mwanangu," alisema kwa furaha, "mbona wameshaitengeneza vizuri? Sasa tunahama kwa nini?"