Pumu ya Upande wa Nani

Siku ya posa yangu, kwetu Roret, mjomba aliuliza swali ambalo halikosi kuulizwa: huo ukoo wenu una ugonjwa gani? Mama mkwe alijibu kabla wazee hawajafungua midomo. "Kwetu hakuna. Watu wetu wanakufa na uzee tu." Wakacheka, mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ikanywewa, nikaolewa.

Binti yangu alianza kubanwa na kifua akiwa na miaka mitatu. Tulipoambiwa ni pumu, mama mkwe alinigeukia mbele ya wanawake tuliokuwa tukichuma chai nao. "Hii ugonjwa imetoka kwenu." Nilimchukia siku hiyo, na sikuficha.

Daktari alitueleza kwamba mtoto harithi pumu yenyewe, anarithi wepesi wa kuipata, kutoka kwa mama, kwa baba au kwa wote wawili. Baridi, vumbi au moshi ndivyo huja kuiamsha. Akauliza kama baba yake aliwahi kusumbuliwa na kifua utotoni. Mume wangu alimtazama mama yake.

"Hapana," mama mkwe akasema.

Daktari alituonya tumweke mtoto mbali na moshi. Nyumbani nikasema basi, sitachoma tena jikoni vijiti ambavyo makaa yake tunasugulia vibuyu vya mursik. Mama mkwe akanikatiza. "Hiyo moshi ndiyo imelea bwana yako, na hajawahi kohoa." Nami, mjinga, nikaendelea kuchoma.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikisugua kibuyu, mtoto yuko mlangoni, pumzi ikamkatika. Midomo ilibadilika rangi. Nilipiga mayowe. Mama mkwe alikuja mbio, akamnyakua, akamtoa nje kwenye hewa, akamketisha wima na kumwinamisha kidogo mbele, viganja magotini. Akaniamuru nilete inhela, ile dawa ya kuvuta tuliyopewa na daktari. Akawa anamhesabia pumzi kwa Kipsigis, taratibu, bila kubabaika hata kidogo.

Mtoto alipotulia nilimuuliza mama mkwe alijifunzia wapi hayo.

Alifuta mikono kwenye leso. "Baba yake huyu mtoto alikuwa hivi. Mpaka akaanza shule ndio ikaisha. Sasa ningesema siku ile ya posa, nani angempatia bibi?"

Alimwokoa binti yangu, hilo silikatai. Lakini kila ninapotaka kumshukuru, nakumbuka kwamba alijua, na alikuwa akiniangalia nikiwasha moto.