Rehma wa Maswali Arobaini

Rehma binti Mbarak alijifunza Kihindi jikoni kwa watu. Mama yake alikuwa mpishi wa mfanyabiashara mmoja wa Kisumu, na mabinti wa nyumba ile walimfundisha kusoma herufi zao ili wapate mwanafunzi wa kuchezea shule. Mwaka 1969, akiwa na miaka thelathini na mmoja, ujuzi huo ulimpatia kazi ya ukarani katika wodi ya wanaume waliovunjika uti wa mgongo.

Daktari Hiram Ndegwa alimkabidhi hojaji ya Kiingereza yenye maswali arobaini, aitie katika Kihindi na kuwauliza wagonjwa Wahindi: nani aweza kujigeuza kitandani, nani huhisi haja inapomjia, nani ana vidonda. Vitanda vilikuwa kumi tu, na majibu ndiyo yaliyoamua nani abaki na nani arudi nyumbani. Rehma aliifanya kazi hiyo kwa hofu. Zadock wa Sondu, mgonjwa wa wodi hiyo, alikuwa amerudishwa kwao mapema. Mwezi haukuisha, vidonda vya mgongo vikamwua.

Mgonjwa wa sita kuulizwa alikuwa Ramprasad, fundi wa mitambo aliyeanguka kutoka paa la kiwanda cha sukari. Miguu yake ilikuwa imekufa, mikono ilikuwa mizima. Kando ya kitanda alikaa Kamla, mke wa mwanawe, amejifunika uso kwa sari kama desturi yao ilivyomtaka mbele ya baba mkwe.

"Je, haja ndogo hukutoka bila kujua?" Rehma akasoma.

"Hapana."

"Una kidonda mgongoni?"

"Sina. Andika, beti, binti yangu, kwamba mimi ni farasi."

Khaemba wa kitanda cha pili, aliyekuwa zamani dereva wa Wahindi na kuokota lugha yao, akacheka. "Farasi gani, Mzee, ambaye shuka zake huoga kila asubuhi kabla yake?"

Kamla akainamisha kichwa. Ramprasad akageuza uso ukutani; mwili haukumfuata.

Rehma aliandika kama alivyoambiwa. Jioni ile daktari akatia sahihi: aende nyumbani Ijumaa.

Sheria ya wodi ilikuwa moja: karani anayeongeza neno lake anafukuzwa. Hata hivyo, Alhamisi Rehma alibisha mlango wa daktari.

"Daktari, majibu ya Ramprasad si ya kweli."

"Umekosea kutafsiri?"

"Maswali ni sahihi. Lakini mwanamume wa kwao hataji mwili wake mbele ya mke wa mwanawe. Nami nilimwacha Kamla akae pale."

"Mama Rehma, nikibadilisha majibu kwa sababu karani amehisi hivi au vile, karatasi hii ni ya nini?"

"Usiyabadilishe. Niruhusu nimwulize tena."

"Mara moja. Akijibu vilevile, anaondoka."

Ijumaa asubuhi Rehma alimtuma Kamla chai. Alipofungua karatasi, Ramprasad alimtazama kwa uchovu.

"Beti, wewe pia una umri wa binti yangu."

Rehma akaelewa. Akiuliza kwa sauti, atajibiwa hapana, na hapana hiyo itamzika mtu huyu. Nje gari la wagonjwa lilikwisha fika. Akamwekea karatasi na kalamu ya risasi mkononi.

"Soma mwenyewe, Baba. Mimi nitatazama dirishani."

Alimpa mgongo. Kisha kalamu ikaanza kukwaruza, ikasita, ikaendelea. Ramprasad akaikunja karatasi mara nne na kuitoa bila kumwangalia.

Haja ndogo: kila siku. Vidonda: viwili.

Daktari alimgeuza yeye mwenyewe, akavikuta, kimoja kirefu kama kidole. Akafuta sahihi yake. Ramprasad akabaki.

"Wangapi uliwauliza mbele ya jamaa zao?" daktari akauliza koridoni.

"Wote sita."

"Waliokwisha kwenda?"

"Wawili. Mmoja Kibos, mmoja Muhoroni. Wana siku kumi na mbili sasa."

Daktari hakumkaripia, na hilo likamtisha zaidi. Akachukua mkoba wa dawa. "Tuanze Kibos."

Rehma alipanda gari akiwa na karatasi mbili mapajani. Katika zote mbili, kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa pameandikwa: hapana, hapana, hapana.